Mnunuzi Aliyejiita Soli Ngumu

Tarehe 4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huna neno, mgongo umetulia na lile sikio la kulia limepunguza kuvuma. Mimi mzima. Kazi ndiyo hivyo, makasha yanaingia, makasha yanatoka, ghala halijai wala haliishi.

Mama, kaa chini kwanza. Cherehani yako ya viatu imeuzwa! Mnada ulifungwa jana alasiri. Nilikuwa kazini, nimejibanza nyuma ya makasha na simu yangu, msimamizi akipita najifanya nasoma lebo. Nilidhani tutaambulia bei ya chuma chakavu. Kumbe kuna watu wawili wameshikana mashati humo mtandaoni, huyu akipandisha dau na yule anapandisha, mpaka dakika ya mwisho. Bei imefika mara mbili ya ile tuliyoitarajia. Aliyeshinda anajiita Soli Ngumu, maana huko watu hawatumii majina yao. Nilicheka peke yangu. Nikasema huyu lazima ni fundi mwenzio.

Nimeshamwambia kaka. Amefurahi mno, anasema kwa fedha hiyo atakitengeneza kile chumba cha nyuma, aweke kitanda kizuri na dirisha jipya. Mwenye kibanda chako naye tumemwarifu kwamba mwisho wa Aprili unarudisha funguo. Ukihamia kwa kaka hakuna tena kuinamia viatu vya watu kutwa nzima. Umeinama vya kutosha, mama.

Soli Ngumu akilipa tu, msafirishaji wa mizigo atakuja kuichukua. Usijaribu kuinyanyua mwenyewe! Nakujua.

Mwanao,
Kitinda mimba


Tarehe 11 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, sikio bado linavuma, ila nimelizoea, siku likinyamaza ndiyo nashtuka. Wewe unakula? Kaka yako alinionyesha picha yako, shingo imekuwa nyembamba kama ya mwanafunzi.

Najua wenzako wanakucheka kwa kuandikiana barua na mama yako. Waache wacheke. Kwenye simu nasikia mvumo tu, na maandishi yake ni madogo kama chawa. Ningelazimika kumwomba kinyozi hapa jirani anisomee, na mambo yetu mengine hayana haja ya kupita kwenye kiti cha kinyozi.

Nimesikia habari ya cherehani. Haya. Mlipokuja nyote kunieleza, mkakaa kwenye kitanda changu mmebanana, mliongea kwa upole sana, na mtu akisema nawe kwa upole huna pa kutokea. Nikasema sawa. Basi na iwe sawa.

Nina swali moja. Hivi huyo Soli Ngumu asipolipa, inakuwaje? Cherehani inabaki kwangu?

Mama yako


Tarehe 19 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Nakula, mama, shingo yangu ndivyo ilivyo.

Umenitabiria mabaya! Soli Ngumu hajalipa. Nimemwandikia kwa heshima zote, nikamkumbusha, kimya. Nikamwuliza basi atalipa lini. Akajibu neno moja tu, "Karibuni." Karibuni ya wapi? Nimeuza vipuri vya simu kwenye soko hilo tangu nilipofika huku, nazijua hizi danadana. Kuna wanaosahau, hao ukiwagusa wanalipa na kuomba radhi. Kuna waliokwama kidogo, hao wanakwambia tarehe. Na kuna wa "karibuni", hao ni wa kuogopwa.

Ulichouliza ni hivi: asipolipa, siwezi kumwuzia mtu mwingine hivi hivi. Mpaka niwasilishe malalamiko, mpaka muda wake wa kujitetea upite. Nikimtupa kabla ya hapo, soko linaniandika mimi kuwa ndiye mvunja ahadi, na wateja wangu wanakimbia. Kwa hiyo mimi nimefungwa, cherehani imefungwa, na kaka huko kwake ameshabomoa ukuta wa dirisha. Ananipigia kila siku. Anasema vumbi limeingia mpaka kwenye sahani.

Mwanao,
Kitinda mimba


Tarehe 26 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba, mwanangu. Afya yangu nzuri, namshukuru Mungu. Punguza hasira, utapata vidonda vya tumbo.

Huyo mnunuzi mpe muda. Hujui ana lipi. Pengine ni mtu mzima, pengine aliingia kwenye jambo ambalo hakulielewa vizuri na sasa anaona aibu kusema. Wateja wangu wangapi waliacha viatu hapa miezi na miezi? Sikumtukana hata mmoja. Wengine walirudi miguu imeshavimba, viatu haviingii, tukacheka wote.

Wiki hii nimeshona mikoba miwili na buti la zimamoto. Buti lilikuwa limeachama mdomo wote, lakini cherehani imelipitia safi, sindano haikuruka hata mshono mmoja. Nilipomaliza nilikaa tu nimeushika ule usukani wake wa mkono. Bado una joto kidogo ukitoka kazini, unajua?

Chumba cha kaka yako kiko ghorofa ya ngapi vile? Nimesahau kuuliza.

Mama yako


Tarehe 3 Aprili

Mama,

Shikamoo. Samahani, leo naandika nimekasirika.

Ghorofa ya nne, mama. Utazoea.

Nimechoka na Soli Ngumu. Kaka ananiambia nimemwingiza kwenye deni la saruji kwa maneno matupu, eti mimi na minada yangu ya hewani. Basi juzi nimemwandikia yule mtu vilivyo. Nimemwambia hivi: "Umenipotezea muda wangu. Kama ulijua huna fedha, uliingia mnadani kufanya nini? Watu kama wewe ndio mnaotuharibia soko. Huna haya." Nikawasilisha malalamiko. Soko limempa siku chache za mwisho. Akinyamaza tena anafungiwa, na mimi naruhusiwa kumgeukia yule aliyekuwa wa pili.

Unaniambia nimhurumie. Mama, wewe una moyo mwepesi, ndiyo maana hukutajirika. Huyu si mtu wa kuhurumiwa, ni tapeli anayecheza na jasho la mama yangu. Ningemjua alipo, ningemfuata.

Mwanao,
Kitinda mimba


Tarehe 10 Aprili

Kitinda wangu,

Marahaba. Sijambo. Isome barua hii ukiwa umekaa.

Ungemjua alipo? Yuko hapa. Soli Ngumu ni mimi.

Usiseme nimechanganyikiwa. Nilisikia kwamba cherehani imewekwa mnadani na mtu yeyote anaweza kuingia akaitaka. Nikajiuliza, yeyote si pamoja na mimi? Nikaenda kwa kinyozi, akanifungulia hiyo akaunti, jina nikalichagua mwenyewe. Nilidhani mnunuzi akiwa mimi na muuzaji akiwa wewe, hakuna kinachotoka nyumbani. Mnada unakwisha, cherehani imenunuliwa, mmeridhika, nami naendelea kushona. Sikujua kwamba katikati kuna soko linalotaka fungu lake, wala kwamba kaka yako angevunja ukuta kwa fedha ambazo hajaziona.

Nilitaka kuweka dau moja dogo basi. Kinyozi akasema, "Mama, kuna mtu amekupita." Amenipita wapi na mashine iko kibandani kwangu, nimeifunika kwa kanga? Nikamwambia panda. Yule mtu akapita tena. Weee! Nikapandwa na hasira ambayo sijaisikia tangu ujana. Wateja walioacha kunyolewa, mmoja nusu kichwa, walisimama nyuma yangu wananishangilia, "Panda, mama, panda!" Nikapanda. Niliposhinda walinipigia makofi. Nilirudi kibandani nikajipikia chai, nimefurahi kama mwehu. Halafu ikaja barua yako kwamba bei ni mara mbili.

Ningekuambia siku ile. Lakini uliandika umefurahi, na kaka yako amefurahi, na kitanda, na dirisha. Nikaona nikifungua mdomo nitakuwa mzee mkorofi anayewasumbua watoto wake. Nikanyamaza. Kila siku iliyopita ikawa ngumu kuliko ya jana.

Ujumbe wako wa mwisho kinyozi alinisomea. Akaanza, "Ndugu mnunuzi," kisha akachukua wembe akausafisha, nao ulikuwa safi. Akasema, "Anakuomba ulipe." Nikamwambia, kijana, maneno ni mengi kwenye hicho kioo cha simu, wewe umesoma mawili. Nisomee yote. Akasoma yote.

Huna haya. Hilo nililisikia vizuri, hata kwa sikio bovu.

Sikulaumu, hukujua. Lakini sikujua kama mwanangu anaweza kumwandikia mtu hivyo, na hilo limeniuma kuliko habari ya cherehani. Sasa nakuambia nilichopaswa kukuambia mlipokaa kitandani kwangu: sitaki kuiuza. Sitaki ghorofa ya nne. Nataka kushona viatu hapa chini, watu wakipita wanisalimie, mpaka mikono ikatae yenyewe. Haijakataa.

Iondoe mnadani, mwanangu. Nakuomba.

Mama yako


Tarehe 11 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo! Leo naandika nikitabasamu, na natumaini nawe hujambo.

Soli Ngumu amefungiwa. Malalamiko yamepita, nikamwandikia yule wa pili, na mama, hata chai yangu haikupoa, ameshalipa! Huyu ndiye mnunuzi. Amelipa lile dau lake la mwisho, na si dogo, kwa sababu Soli Ngumu alimsukuma mpaka huko juu. Angalau kwa hilo tumshukuru tapeli wetu.

Kaka nimeshamtumia, amelipia saruji yote. Msafirishaji anakuja Alhamisi asubuhi. Mwambie kinyozi na vijana wake wasaidie kuinyanyua.

Pumzika sasa, mama.

Mwanao,
Kitinda mimba


Tarehe 18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe kumi imefika leo. Zimepishana njiani.

Nimeisoma nyuma ya makasha, msimamizi amenikuta nalia, nikamwambia ni vumbi. Mama, nisamehe. Nisamehe kwa lile neno. Ningeweza ningelimeza.

Nimempigia kinyozi simu mara nyingi, hapokei. Sijui kama msafirishaji amekwisha kuja. Nasikia huwa anachelewa. Kama cherehani bado iko, sema tu usiitoe, mimi nitamrudishia yule mtu fedha yake. Sina hiyo fedha, iko kwenye ukuta wa kaka, lakini nitakopa kazini. Soko litanifungia, vipuri vyangu nitauzia barabarani. Sijali. Sema neno tu.

Nijibu haraka. Nakusubiri.

Mwanao,
Kitinda mimba


Tarehe 6 Mei

Kitinda wangu,

Marahaba. Mimi mzima, magoti tu yananisumbua kwa ajili ya ngazi. Wewe je? Umekopa? Usikope.

Barua yako kinyozi aliileta siku ninahama. Simu yake ilikuwa kwa fundi, ndiyo maana hukumpata. Msafirishaji hakuchelewa. Alhamisi asubuhi alikuwa mlangoni na mkokoteni, kijana mwenye adabu, ameniamkia vizuri. Ningeweza kumwambia rudi zako. Maneno yalikuwa hapa mdomoni. Lakini nilikuwa nimesoma ile barua yako ya furaha, kwamba mtu ameshalipa na saruji imeshalipwa, nikaona nikisema hapana nitakuwa ni yule yule wa kuwazungusha watu. Nikamwonyesha pa kushika isivunjike pedali. Nikampa na chupa ya mafuta yake. Nimejuta hata kabla hajafika kona.

Sasa niko kwa kaka yako. Kitanda ni kizuri, kusema kweli. Dirisha ni kubwa, linatazama ukuta wa jengo la pili. Siku ya pili nilishuka nikaenda kwa kinyozi kumsalimia, nikakaa mpaka jioni, naye kaka yako akanitafuta mtaa mzima mpaka akatokwa na jasho. Tangu hapo akienda kazini anafunga kwa nje na funguo anaondoka nazo. Anasema ni kwa usalama wangu, nisije nikaanguka ngazini. Hana ubaya. Ananiachia chakula kimefunikwa, na redio. Jioni anakuja na matunda, ananiuliza siku imekuwaje, nami namwambia nzuri.

Nakaa karibu na mlango. Watu wakipanda nasikiliza miguu yao. Kuna mtu wa ghorofa ya juu kiatu chake cha kushoto kimeachia soli, kinapiga paa, paa, kila hatua. Ningekishona mara moja. Juzi nilimwita kupitia mlangoni, akasimama kidogo, kisha akaenda zake.

Usigombane na kaka yako kwa ajili yangu. Ukigombana naye, wewe uko mbali, mimi ndiye nitakayebaki naye humu. Na lile neno nimeshalisamehe, lala.

Jambo moja. Barua zako kaka yako anasema atazifungua yeye kwanza, zisije zikanipandisha presha. Kwa hiyo usizitume kwake. Tuma kwa mama wa mlango wa mkabala, huyu ndiye atakayeiokota hii nikiisukuma nje chini ya mlango, akutumie, naye ameahidi kunipitishia zako papo hapo. Ila tumia karatasi moja tu, wala usiikunje sana. Upenyo ni mdogo, mbili hazipiti.

Mama yako