Kikosi Kipi, Mjomba?

Bweni la Wavulana,
Chumba cha pembeni, ghorofa ya juu.
Jumapili jioni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Habari za huko, na goti lako linaendeleaje? Mkaza mjomba na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ingawa uzima wenyewe siku hizi ni wa kuombea.

Anayekukabidhi barua hii ni Ngongoti, rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja. Urefu wake utauona kabla hujaona uso. Nimempa mkononi kwa sababu bahasha za posta zinafika zimefunguliwa na kugundishwa upya, tena kwa gundi mbaya. Na nimeifunga vizuri, maana naye ni mdaku.

Chuo kimebadilika tangu vita vianze. Madirisha ya bwalo yamepakwa rangi nyeusi, tunakula mchana taa zikiwaka. Mwalimu wetu wa michezo alichukuliwa jeshini, akaletwa mwingine. Huyo mpya, Mjomba, sikumpenda tangu siku ya kwanza. Viatu vyake vinang'aa kupita kiasi, na majina yetu anayaita kwa sauti ya gwaride. Akatupima macho. Akatukimbiza na mifuko ya mchanga mgongoni. Sasa mkimbiaji wa mita mia nne, mchanga anaupeleka wapi? Machale yakanicheza.

Kisha likabandikwa tangazo ubaoni: "Watakaoshinda Jumamosi wataingia kikosini." Kikosi kipi? Hakuandika. Wenzangu wakasema ni timu ya chuo. Mimi nikawaambia, amkeni, siku hizi neno hilo lina maana moja tu. Kesho yake uwanja mzima ulikuwa unachechemea. Hata mpishi alituuliza kama maharage yake ndiyo yaliyotuvunja miguu.

Ngongoti peke yake hakuchechemea.

"Wewe bwana, hata ukipewa zawadi utainusa kwanza," aliniambia.

"Na pua nimepewa ya nini?" nikamjibu.

Ijumaa mwalimu alinikuta bombani nikifua raba zangu. Akaangalia huku na huku, akasema, "Kijana, kesho kimbia. Kimbia kweli. Siwezi kusema zaidi." Akaondoka. Nikaona huyu anataka kuninasa. Mtu mwenye nia njema hasemi huku akiangalia nyuma yake, ndivyo nilivyojiambia.

Jumamosi nilikuwa mbele hadi kona ya mwisho. Nikapunguza, kidogo tu, asigundue mtu. Ngongoti akanipita akihema kama trekta.

Kikosi kilikuwa timu, Mjomba. Tangazo la jioni lilisema inakuja kushindana huko kwenu kusikofika vita, na wachezaji watabaki huko wakisoma mpaka vita viishe. Tangazo hilo halijakauka gundi, likaja jingine: wavulana wote wa mwaka wa mwisho tuliobaki tunatakiwa kambini Jumatano. Nilijiona mjanja, kumbe nimeingia mkenge. Nadhani mwalimu alilijua hili la pili, ndiyo maana alikuwa akiangalia nyuma. Au labda bado ananichezea, sijui. Kumwamini mtu siku hizi kumekuwa kazi ngumu kuliko mbio zenyewe.

Naogopa, Mjomba. Nakwambia wewe kwa kuwa Mama nimemwambia siogopi.

Nisalimie mkaza mjomba, binti yako mkubwa na wale mapacha. Babu na Bibi wanakusalimu sana. Mungu awafunike nyote, na akibakiwa na nguo, atufunike na sisi.

Ngongoti mpokee kama ungenipokea mimi. Hajawahi kunishinda maishani, na tangu Jumamosi anatembea kifua mbele, anamsimulia kila mtu jinsi alivyonipita. Atakusimulia na wewe. Tafadhali msikilize mpaka mwisho, umpongeze, na barua hii uichome kabla hajaiona.

Mpwa wako akupendaye,
Kitinda mimba wa dada yako.