Mteremko wa Mlangoni

Kaka yangu,

Video ya uwanja wako wa gofu imefika. Nimeona ulivyolainisha vilima vyote kwenye hilo gemu lako, mpaka mpira unateleza wenyewe hadi shimoni. Hongera. Huku sote wazima, ila Mama kavunjika mkono.

Likizo yako nzima ulishinda chumbani ukisawazisha miteremko ya kwenye kompyuta. Nilipokuomba ututengenezee mmoja tu, wa kiti cha magurudumu cha Mama, pale kwenye ngazi tatu za mlangoni, ulisema, "Kesho, dada." Ukaondoka. Simenti ilipoanza kuganda mfukoni nikaimwaga mwenyewe, kwa kukadiria kwa macho. Mteremko ukawa mkali mno. Jumanne kiti kikaniponyoka, kikaenda naye mpaka ukutani.

Mama ndiye aliyenibembeleza: "Usijilaumu. Kaka yako ana kazi nyingi, ndiyo maana hakuwahi."

Jirani akauliza kazi gani. Mama akajibu kwa majivuno, "Mhandisi, anasawazisha ardhi."

Video yako nimeifuta kabla hajaiona.

Ni mimi, dada yako uliyemwambia kesho.