Mulanda Hakuna wa Kumwita

Jumanne, Tororo

Bado nina hasira, na chai imepoa sijaigusa.

Leo kule Busia tulikuwa tunapanga ngazi za cheti cha wasimamizi wa kompyuta zinazotumia mfumo wa Unix. Mwenyekiti wetu, Mzee Wandera, amekubali anayeanza ajue kuhifadhi nakala za data. Lakini kipengele cha kuzirudisha mashine ikiharibika, nilichokiweka ngazi ya kwanza, amekipeleka ya tatu.

"Dada, huyo anaanza tu. Ataita mkubwa wake."

Mkubwa gani? Athieno, niliyemfundisha mwenyewe, anatunza kompyuta za zahanati kule Mulanda peke yake. Umeme ukikatika na mashine ikagoma kuwaka, wagonjwa wanamtazama yeye.

Nikamwambia, "Mzee, kule hakuna ngazi ya tatu. Kuna Athieno."

Akaniambia nikitoe kipengele hicho kwenye mtihani wa ngazi ya kwanza leo hii, la sivyo atatafuta mwingine wa kutunga mtihani. Naogopa, kusema kweli. Kazi hii naihitaji, na karo ya watoto...

Sijakitoa. Nimekifanya swali la kwanza la ngazi ya kwanza, na mtihani nimeshamtumia Mzee.