Cheti cha Ritha wa Kwanza

Jumatatu, 9 Juni 2025

Edward amekuja. Huyu mwenye duka la cherehani na taa za sola karibu na stendi ya Kiomboi. Nilimfundisha darasa la tatu. Alikuwa akiwauzia wenzake karanga katikati ya kipindi cha hesabu – nikamchapa, akaendelea kuuza. Leo kashuka kwenye pikipiki, kofia mkononi. "Shikamoo, Mwalimu." Nikafurahi! Nikajua kaja kumjulia hali mstaafu.

Kumbe kaja kwa ajili ya Ritha, binti yangu. Ile cherehani anayoshonea haikuazimwa kwa shangazi yake kama tulivyoambiwa mimi na mama yake. Aliikopa kwa Edward mwezi wa pili. Kalipa miezi miwili, kanyamaza. Edward alipomfuata, Ritha akamjibu kwamba yeye ni mtoto, hajafika miaka kumi na minane, na mkataba na mtoto si mkataba. Kasikia redioni!

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kabla sijakasirika. Ana miaka kumi na sita na mdomo wa wakili.

Ndipo Edward akatoa fomu. Umri: miaka kumi na minane. Nyuma yake imebanwa kopi ya cheti cha kuzaliwa, tarehe 3 Machi 2006. Nilikitambua kabla sijavaa miwani. Si cha Ritha huyu. Ni cha marehemu dada yake.

Jumanne, 10 Juni 2025

Kutwa nzima nimekuwa mwaka 2006. Mwili uko hapa unapura alizeti, kichwa kiko kule.

Ritha wa kwanza alizaliwa alizeti ikiwa imechanua. Nilikuwa kijana, shati limeingizwa ndani ya suruali, kalamu mbili mfukoni. Nilikwenda mwenyewe wilayani kwa baiskeli kufuata cheti chake. Mwalimu hawezi kuwa na mtoto asiye na cheti! Nilikirudisha kimefungwa kwenye nailoni, na Selina, mke wangu, akakisoma kwa sauti mara tatu. Tukala kuku siku ile. Sijui kama nimewahi kufurahi tena kwa namna ile.

Alikaa nasi mwaka mmoja na miezi minne. Malaria.

Mwingine wa kike alipozaliwa, Novemba 2008, hakuna aliyeuliza ataitwa nani. Mama yangu ni Ritha, na kwetu jina la bibi haliachwi likae bure. Jina lilelile, la baba lilelile. Huyu alizaliwa nyumbani kwa mama, mvua imekata barabara. Cheti chake nilisema nitakifuata. Nikasema hivyo mwaka hadi mwaka.

Halafu Januari 2014 – hapa ndipo penyewe – kalikuwa na miaka mitano na kalikuwa kananifuata shuleni kila asubuhi. Kanakaa dawati la nyuma, miguu haifiki chini, kanasoma kuliko wa miaka minane. Mwalimu mkuu akasema leta cheti tumwandikishe. Nikaleta kilichokuwepo. Wino mmoja tu kwenye rejista, nami nikapata mwenzangu wa kwenda naye kazini. Njia nzima akiimba jedwali la mbili. Nilijiona mjanja sana.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Nimemkalisha Ritha chini. Nilipanga kuanza kwa ukali. Nikaanza.

Hakulia. Kasema Januari aliniomba cherehani nikamwambia arudie mtihani wa kidato cha nne, hakuna mtoto wangu atakayeshona viraka. Ni kweli, nilisema hivyo, na kwa sauti. Kasema msimu wa sare za shule ulipoisha kazi ikapungua, ndiyo maana malipo yamekwama.

"Lakini kwa nini cheti cha marehemu, Ritha?"

"Baba, ndicho nilichosomea. Ulinipa wewe."

Nikatoka nje nikajifanya natafuta jembe.

Jumanne, 17 Juni 2025

Edward kafungua madai Mahakama ya Mwanzo. Shauri tarehe 3 Julai. Nimekwenda kwa Belinda, msaidizi wa kisheria – ana kimeza chake ndani ya ofisi ya kata. Binti mdogo, anaongea taratibu, haandiki kitu mpaka umalize. Nilipenda hilo.

Kaniambia hakimu akiridhika kwamba Ritha ana miaka kumi na sita, mkataba hauna nguvu, na Edward hawezi kumdai marejesho. Ila Ritha asidhani cherehani imekuwa ya bure. Anaweza kuamriwa airudishe. Na uongo wa kwenye fomu ni jambo jingine – polisi wakilishika, linaweza kumpeleka mahakama ya watoto.

Nikauliza: na kama ana kumi na tisa, kama cheti kinavyosema? Belinda kajibu: Hapo ni mtu mzima aliyechelewesha deni tu, Mwalimu. Hakuna uongo. Anadaiwa, analipa.

"Na aliyempa mtoto cheti cha mwingine?"

"Huyo si mtoto," kasema.

Nimerudi kwa miguu. Nimepita shule yangu ya zamani. Wamepaka rangi mpya, ya njano mbaya. Dawati la nyuma bado lipo, au ni jingine, nimelitazama kupitia dirishani mpaka mlinzi akanisalimia.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Ritha anashona. Cherehani inalia tangu asubuhi. Mama wa jirani kaleta kitambaa cha kwaya. Ritha anakata bila kuchora! Jicho tu na mkasi. Sikuwahi kuketi kumtazama. Nilikuwa na haraka ya mtihani.

Jumapili, 22 Juni 2025

Baada ya ibada Selina kapalilia kaburi nyuma ya nyumba. Ni dogo, ukipita huku unaongea unaweza usilione. Nimemsaidia. Nikamwambia habari yote ya mahakama, yote, hata ile ya rejista ambayo alikuwa anaijua tangu zamani. Kaokota majani, kayarundika upande mmoja.

Nimekumbuka jinsi Ritha wa kwanza alivyokuwa anaogopa ndevu zangu. Nilizinyoa kwa ajili yake. Sijafuga tena.

Alhamisi, 26 Juni 2025

Nimekwenda dukani kwa Edward. Kaniletea kiti, kaniletea soda bila kuniuliza. Huyu mtoto sikumharibu.

Nimemwomba achukue cherehani yake yaishe. Kasema imetumika, nani atainunua kwa bei ya mpya? Kisha kasogeza kiti, kasema: Mwalimu, wewe nyamaza tu. Cheti kinasema kumi na tisa, rejista ya shule inasema kumi na tisa, cheti cha kidato cha nne kinasema hivyohivyo. Mwache awe mkubwa. Mimi nitampa mwaka mzima, alipe kidogokidogo, cherehani ibaki kwake. Nani ataumia?

Nani, kweli? Ritha anabaki na kazi yake. Mimi nabaki na jina langu – mji mzima huu hadi leo unaniita Mwalimu, hata wazee kunizidi. Miaka thelathini na moja ya chaki. Nikisema ukweli, binti yangu ni mtoto aliyedanganya na mimi ndiye niliyemfundisha. Nikinyamaza, hakuna aliyedanganya.

Nilimaliza soda yote. Nikaaga, nikaondoka. Nimejichukia njia nzima kwa sababu nilikuwa napiga hesabu za kukubali.

Jumanne, 1 Julai 2025

Nimemweleza Ritha pendekezo la Edward. Nilidhani ataruka kwa furaha. Akauliza: kwa hiyo nitakuwa yeye mpaka lini? Hata siku nikiolewa? Hata kwenye kitambulisho?

Kaendelea kutia uzi.

Alhamisi, 3 Julai 2025

Naandika hapa kwenye benchi, nje ya mahakama. Hakimu katoa mapumziko. Baridi ya Kiomboi, vidole havishiki kalamu vizuri.

Tuliingia saa nne. Ritha kavaa gauni alilolishona mwenyewe, kola imelala vizuri kuliko ya hakimu. Edward kanisalimia kwa heshima zote, kama kawaida. Karani akasoma: Ritha Isaka, aliyezaliwa tarehe tatu, mwezi wa tatu, mwaka elfu mbili na sita. Asimame.

Ritha akaanza kuinuka. Selina, aliyekuwa kando yangu, akawahi.

"Huyo alifariki," akasema. "Nilimzika."

Miaka kumi na minane! Sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo. Siku zote ni "yule mwenzetu", ni "kipindi kile". Leo kalitamka mbele ya polisi na watu wa kesi za ng'ombe, mikono imeshika kanga. Nililia. Sioni aibu kuliandika.

Hakimu akaweka kalamu chini. Akamwambia Selina akae, kwa upole kabisa. Akachukua cheti, akakigeuza upande wa pili, akakirudisha. Kama mwenye cheti alifariki, akauliza, huyu binti aliandikishwa shule kwa cheti hiki na nani?

Selina hakunitazama hata kidogo. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

"Ni mimi, mheshimiwa," Ritha akasema. "Nilikichukua mwenyewe nyumbani. Baba hajui."

"Ukiwa na umri gani?"

Akasita. "Mitano."

Watu wakacheka. Hata Edward alicheka, kisha akainamisha kichwa. Hakimu hakucheka. Kasema tukirudi, atakayejibu ni baba wa mtoto. Kasema "mtoto".

Belinda katufuata hapa nje. Kaninong'oneza kwamba swali hili halihusu deni, linanihusu mimi, na silazimiki kulijibu. Naweza kukaa kimya na sheria itanilinda. Kanishika bega, karudi ndani.

Ritha yuko mwisho wa benchi. Uso wake ni uleule wa dawati la nyuma. Nimemwambia asirudie tena kusema uongo kwa ajili yangu. Kasema haukuwa uongo mkubwa.

Karani katoka mlangoni na karatasi. Anaita: "Mwalimu Isaka!" Ritha ananivuta mkono wa koti, ananiambia kwa Kinyiramba nikae, nikae tu, baba.

Mstari huu nauandika nikiwa nimesimama.