Mama, Mjukuu Usimngoje

Morogoro

Mama yangu, shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia kidogo na unaweza kuinama. Kibanja kinaendeleaje? Nasikia mnyauko umeingia kwenye migomba ya huko Ihembe.

Mimi bado napumua. Ningepiga simu, ila tungeishia kulia wote wawili. Nimeshaambiwa jina la ugonjwa wangu, na sitaki ulisikie kwa watu.

Ule uvimbe wa viungo, madoa mashavuni, hata mimba mbili zilizotoka, chanzo chake ni kimoja. Si UKIMWI kama walivyonong'ona, wala sikurogwa. Unaitwa lupasi. Daktari, mama mmoja wa makamo, alinieleza kwamba damuni mna chembe zinazoulinda mwili dhidi ya vijidudu. Zangu zinaushambulia mwili wenyewe, na zimeshafika kwenye figo.

Nikamuuliza, "Kwa nini mimi?"

"Wengi wanaougua ni wanawake wa umri wako," akasema. "Homoni za kike huzichangamsha chembe hizo. Mara nyingi ni jambo jema, mwanamke hupambana vizuri na maradhi. Kwako zimepitiliza. Na mimba huongeza homoni."

"Kwa hiyo naugua kwa sababu ni mwanamke?"

"Si kwa hilo peke yake," akasema. "Lakini limo."

Akanionya pia kwamba dawa ya kuokoa figo inaweza kuua mayai ya uzazi. Mume wangu Evodi alikuwa ameketi kando yangu. Tulipofika nyumbani akanigeukia.

"Mama yangu ananiuliza habari za mjukuu kila Jumapili," akasema. "Nimjibu nini?"

Nikamwambia amjibu kwamba mke wake anataka kuishi. Wiki hiyohiyo alifunga begi, akasema anakwenda kwao Kyerwa kusalimia. Hajarudi, na simu zangu hapokei. Simlaani, Mama. Kwao ni mwana wa pekee.

Dawa nilianza bila yeye. Nywele zimepukutika, hedhi imekoma, na figo hazijapata nafuu. Kazi ya kushona nimeiacha kwa sababu vidole havikunjiki. Hata barua hii nimeiandika kidogo kidogo, nikipumzisha mkono.

Basi mnaposali jumuiyani usiniombee tena mtoto. Niombee nisiumie sana.

Nisalimie baba mdogo aliyesimamia ndoa yangu, na shangazi wa Kiruruma aliyenifunda kabla ya ndoa. Waambie unachoona kinafaa.

Na mdogo wangu Jovina. Katika barua yako ya mwisho uliniambia akiamka hawezi kukunja ngumi, ukasema ni baridi ya asubuhi na kazi ya kuchuma kahawa. Mama, mimi pia nilianza hivyo. Mpeleke hospitali kubwa kabla hajaolewa.

Binti yako, anayekuita kila anapoumwa,
Adventina