Swichi Isiyo na Kofia

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu zetu kutoka Sparkbrook. Bibi yako amepona kikohozi. Unauliza kwa nini, ulipokuwa hapa likizoni, sikuwasha gari kabla ya kumwita kila mtu kwa jina, hata waliokwisha kuketi.

Miaka ya sabini niliendesha mashine ya kuchanganya mchanga, magadi na chokaa katika kiwanda cha vioo hapa Birmingham. Aliyeingia ndani ya pipa lake kukwangua magadi yaliyoganda alitundika kofia yake kwenye swichi, na hakuna aliyeigusa.

Asubuhi moja tanuri lilikaribia kukosa mchanganyiko. Msimamizi akafoka, "Hakuna kofia. Washa."

Kidole changu kilikuwa juu ya swichi nilipokumbuka kwamba Gurdial, Singasinga wa Kisumu aliyeanza kazi juzi yake, huvaa kilemba. Nikaita kwa Kiswahili, "Gurdial, uko wapi?"

"Ndani ya pipa, bwana. Ngoja kidogo."

Nikaondoa kidole. Alitoka mweupe kwa vumbi, akicheka. "Ulitaka nitundike kilemba? Kukifunga tena ni kazi ya asubuhi nzima."

Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo huita majina. Nawe ukiitwa, itika mara ya kwanza.

Babu yako