Chifu Uliyenichinjia

Gongoni, Jumapili, Septemba 2001
Mwezi wa tisa huu tangu nitoke nyumbani

Kwako Mama Mwende,

Jana alifika hapa kijana kutoka Kithyoko, amekuja kutafuta kazi ya chumvi kama sisi wote. Akaniuliza mbele ya wenzangu kama mimi ndiye Baba Mwende wa Ndithini. Nikasema ndiye mimi. Akasema, "Mama Mwende amenituma. Anasema ukuje Krismasi, kuna kanga mwingine ananona."

Kambi nzima ikashangilia. Mzee mmoja Mgiriama ninayelala naye chumba kimoja akanipiga bega. "Wewe uko na mke. Wangu hata yai hanichemshii."

Nilicheka nao. Wao hawajui, lakini wewe unajua ulichonitumia. Ndiyo maana ninaandika. Mikono yangu imepasuka kwa chumvi na kalamu inaniuma kuishika, kwa hiyo sitazunguka.

Unakumbuka tulivyowapata wale wa kwanza. Ilikuwa ile mvua ya Elinino, Mwende akiwa bado mgongoni mwako. Tulikuwa tunarudisha mawe ya matuta yaliyobebwa na maji, ukaona mayai ya kanga kwenye nyasi, maji yamebakisha kidogo kuyafikia. Mimi nilitaka tukayachemshe. Ukanipiga mkono. Uliyafunga kwenye lesso, ukaenda nayo kwa yule kuku mweupe aliyekuwa ameatamia, na kabla ya kumwekea ukamtolea yake yote. Nilikuuliza kwa nini usimwachie hata machache.

"Ya kuku yanatangulia kuanguliwa," ulisema. "Akiona watoto wake wametoka atasimama aende nao, hawa wa kanga waoze. Lazima asiwe na wake."

Jioni tulikula mayai ya yule kuku, mengine yameshaanza kuwa na mishipa ya damu, naye amekaa pale pembeni anatutazama. Wewe ulikula bila kugeuza uso. Nilikupenda sana siku ile, na nilikuogopa kidogo.

Kifaranga cha kanga ni kitu cha kufa tu. Umande ukimgusa amekufa, kuku akimkanyaga amekufa. Tuliwaweka kwenye katoni karibu na moto. Kila asubuhi nilichimba kichuguu nikakuletea mchwa juu ya kipande cha mavi makavu ya ng'ombe, lakini ulinikataza kuwamwagia chini.

"Wale mkononi. Wakizoea kula chini, kesho watakula kwa mtu yeyote."

Waliokataa mkono uliwaacha na njaa. Wengi walikubali. Wawili hawakukubali, ukawatupa nyuma ya choo, ukarudi kupepeta maharagwe.

Kisha mmoja akaota ile pembe ya kichwani, akaanza kuzunguka uani kifua mbele, anakagua sufuria zetu. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Huyu ni chifu kabisa! Angalia, amekuja na kofia ya serikali." Jina likabaki. Mimi nilimshika Chifu miguu na wewe ukamkata manyoya ya bawa moja kwa wembe. Nikasema ukate na la pili, anakaa vibaya.

"Ukikata yote mawili, ataruka chini chini lakini ataenda," ulisema. "Ukikata moja, kila akijaribu anaanguka upande. Mwisho anaacha kujaribu."

Akaacha. Mwende alijifunza kutembea akimfukuza. Mtu wa nje akikanyaga njia yetu, Chifu alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Sisi wa nyumbani, hata turudi kukiwa giza, hakutoa sauti. Siku niliyoondoka kuja huku pwani ulikuwa umemshika kwapani. Ulisema, "Nenda. Mlinzi yuko."

Ukame ulipokuja uliniandikia. Kanga wengine wote mlikuwa mmeshawala. Yule Msomali anayenunua mbuzi sokoni Kithyoko alikuja mpaka mlangoni akamtaka Chifu, akasema kwa ndege huyu yuko tayari kukupa unga. Ulimjibu, "Huyu si mfugo, Abdi. Huyu ni mtu wa hapa." Barua ile niliwasomea wenzangu mara mbili. Nilijivuna sana. Nilisema, huyo ndiye mke wangu, analala njaa lakini hauzi mtu wa nyumbani.

Nilikaa miaka miwili bila kuja. Krismasi ya kwanza walitaka watu wa kubaki kazini, nikabaki. Wenzangu walirudi kwao, na najua uliwaona wale wa kwetu wakishuka kwenye gari na mizigo yao, ukahesabu nani hayupo.

Halafu Krismasi ya pili nikaja. Chifu aliniona kabla yenu. Alipiga kelele kama ameona nyoka. Nikamwita jina lake, akazidi. Nikainama nikamnyooshea mkono, akarudi nyuma na lile bawa lake moja limefunguka, anapiga kelele tu. Nilisimama mlangoni mwa ua na mfuko wangu, na sijui kilichonipata, mdomo wangu ukasema, "Hodi."

Mwende akatoka. Aliniangalia kutoka viatu mpaka kofia, akarudi ndani mbio. "Mama, kuna mtu!"

Ukatoka ukijifuta mikono. Nilingoja useme karibu. Ulisema, "Nani anapiga hodi kwake?"

"Ni kanga amenishtua."

"Kanga anajua kazi yake."

Kesho yake uani kulikuwa kimya. Mchana uliniwekea kiti kile cha kukalisha mchungaji, ukaninawisha mikono, ukaweka sahani mbele yangu. Nilikuwa nimeshaona ile kofia yake ya serikali imetupwa kando ya jiko.

"Umechinja Chifu?"

"Ulitaka nikupe nini? Muthokoi ni chakula cha wenye nyumba. Kula, mgeni wetu."

Wewe na Mwende mlikuwa mnakula muthokoi uliolala, yale mahindi na maharagwe ya jana, kutoka sufuria moja. Mimi peke yangu na nyama. Mwende alikuuliza polepole, lakini nilisikia, "Mama, yule mtu atamaliza Chifu mzima?"

"Mwache," ulisema. "Ametoka mbali."

Nyama ilikuwa ngumu kama soli ya tairi, na ulijua itakuwa ngumu. Niliitafuna mpaka mfupa wa mwisho kwa sababu ulikuwa unaniangalia na sikutaka uone nimeshindwa. Ungenitukana ningekutukana. Ungenifungia mlango ningeuvunja. Lakini uliniheshimu, na mtu hawezi kupigana na heshima. Nilipoondoka Januari, Mwende alinipungia mkono vizuri kabisa, kama anavyowapungia wageni wote.

Nimekuchukia, Mama Mwende, sitakuficha. Nimesukuma toroli ya chumvi asubuhi mpaka jioni nikikuchukia, na siku zilikwenda haraka. Hapa nyuma ya mabwawa ya chumvi kuna kanga wa porini. Jua likishuka wanaanza kulia, na wenzangu wanawatega. Wakinikaribisha nasema tumbo langu halipatani na kanga. Yule mzee ananicheka, "Mkamba gani anakataa nyama?" Nimefikiria kubaki huku. Wako wanaume hapa walioacha kurudi kwao, na wanakula, na wanalala. Lakini wakiulizwa kwao ni wapi, wanataja jina la mahali halafu wananyamaza. Mimi bado nikiulizwa nakutaja wewe kwanza, hata siku ninazokuchukia.

Kwa hiyo sikia. Huyo anayenona mwache hai. Anione nikija, apige kelele mpaka achoke. Nitakaa hapo uani na mchwa mkononi. Asipokula siku ya kwanza nitakaa ya pili. Na Mwende vilevile, usimfundishe la kuniita, nitakaa mpaka aje mwenyewe. Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba kifaranga ama anakubali mkono, ama anatupwa nyuma ya choo. Sasa imefika zamu yangu ya kujua mimi ni yupi.

Hodi sitapiga. Nitafungua mlango wa ua na kuingia. Usinitolee kile kiti na usininawishe mikono. Niwekee muthokoi uliolala, hata ukiwa umeanza kuchacha, kwenye ile sufuria yenu. Nikiona muthokoi nitaweka mfuko wangu chini. Nikiona nyama nitajua umenijibu, nitageuka na mfuko wangu begani, na hutahitaji kuchinja tena kwa ajili yangu.

Nitafika Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, jua likiwa bado juu, ili majirani wote wanaochungulia waone ninavyoingia.

Ni mimi,
Baba Mwende